Karanga, Bukari na Vidonge vya Nywele

Mwaka 1990, wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kusini mwa Malawi walianza kubabuka ngozi. Ilianzia pale jua linapopiga: mikononi, usoni, na shingoni kama mtu aliyevaa mkufu. Ngozi iliiva, ikawa nyeusi, ikakauka na kupasuka. Kati ya Februari na Oktoba waliugua watu zaidi ya 18,000, wanawake wengi kuliko wanaume. Mahindi ya msaada walikuwa nayo. Kilichokosekana ni karanga. Mgao wa karanga ulipokatika, niasini, yaani vitamini B3, ilipungua mno katika chakula chao, na ugonjwa wa pelagra ukaingia. Wenye bustani zao waliathirika kidogo, na waliosaga mahindi wenyewe nyumbani vilevile. Mwaka 1999 na 2000 ugonjwa huohuo uliwapata watu wa Kuito, Angola, mji uliochoshwa na vita.

Habari hiyo inatuhusu moja kwa moja sisi wa Lubumbashi, kwa kuwa ni watu wa bukari, yaani ugali wa mahindi. Mahindi yana niasini, lakini sehemu kubwa imefungwa ndani ya punje kiasi kwamba utumbo hauwezi kuichukua. Watu wa Mexico walijua tangu kale kuyachemsha mahindi katika maji ya chokaa, na chokaa huifungua. Mahindi yalipovuka bahari, ujuzi huo haukuvuka nayo. Unga mweupe uliokobolewa, ule tunaoupenda kwa sababu bukari yake inapendeza mezani, umepoteza pia kiini cha punje na vingi vilivyomo. Kinachotuokoa ni kinachokaa kando ya bukari: sombe, lengalenga, matembele, maharage, kapenta, viwavi vilivyokaushwa, na karanga zilizotwangwa ndani ya mboga. Familia inapobaki na bukari na chumvi tu, mwili huanza kudai.

Kwa hiyo anayesema kuwa vitamini ni muhimu kwa ngozi, nywele na kucha anasema kweli. Shida yangu ni kile tunachouziwa kwa jina la ukweli huo.

Kwenye farmasi za katikati ya mji na kwenye meza za sokoni, makopo yenye picha ya mwanamke mwenye nywele ndefu yamepangwa karibu na losheni na nywele za bandia. Ukisoma maandishi ya nyuma, mara nyingi utakuta jina la biotini, vitamini B7. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 30 za biotini kwa siku. Kidonge kimoja cha nywele huwa na 5,000, hata 10,000. Na biotini hiyo tunaipata bila jasho katika mayai, maini, maharage na karanga, na vijidudu vya utumboni hutengeneza nyingine. Upungufu wake ni nadra sana. Huonekana kwa watu waliozaliwa na kasoro fulani ya kurithi, au kwa mtu anayekula ute mbichi wa mayai kwa muda mrefu, maana ute huo huikamata biotini usiachie.

Sifa ya biotini ilianza kwenye kwato. Madaktari wa mifugo waliona kwamba kwato dhaifu za farasi huimarika kwa kupewa biotini, na miaka ya 1980 na 1990 watafiti wa Uswisi wakaijaribu kwa watu wenye kucha zinazokatika. Kucha ziliongezeka unene, lakini majaribio yalikuwa madogo, na hapakuwa na kundi la kulinganisha lililopewa kidonge kitupu. Kuhusu nywele ushahidi ni mdogo zaidi. Mwaka 2017 watafiti walikusanya taarifa zilizochapishwa kuhusu nywele na kucha wakapata wagonjwa 18 tu walionufaika, na kila mmoja wao alikuwa na ugonjwa au upungufu uliokuwa ukimsumbua tangu mwanzo. Mtu mwenye afya anayekunywa biotini ili nywele zirefuke hana utafiti wa kumtetea.

Mbona basi akina mama wengi wanaapa kwamba vidonge viliwasaidia? Hawasemi uongo. Nywele zina majira yao. Wakati wa ujauzito nyingi hubaki kichwani bila kudondoka, na miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua hudondoka kwa pamoja. Homa kali, upasuaji au huzuni kubwa huweza kufanya vilevile. Mama anaona kitana kimejaa, anaogopa, ananunua kopo. Baada ya miezi kadhaa nywele zinarudi, kama ambavyo zingerudi hata bila kopo, na shukrani zote zinakwenda kwa kopo. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na ukucha wa mkono huhitaji miezi sita hivi kujibadilisha wote. Anayekuahidi matokeo kwa wiki mbili hajui mwili unavyofanya kazi, au anajua na anakudanganya.

Upungufu unaostahili hofu yetu hapa ni wa madini ya chuma. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kuwa asilimia 38 ya wanawake wa Kongo walio katika umri wa kuzaa walikuwa na upungufu wa damu, na miongoni mwa watoto wenye umri chini ya miaka mitano ilikuwa asilimia 60. Chanzo hakiwi kimoja: malaria, minyoo, hedhi nzito, uzazi wa mfululizo, na chakula chenye chuma kidogo. Chuma kikipungua, nywele huwa nyembamba na kudondoka, ngozi hupauka, kucha hulainika na hata kubonyea katikati kama kijiko. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma kuingia mwilini. Udongo mweupe wa pemba, ambao wajawazito wengi huutafuna, unaweza kukikamata chuma vilevile. Ndimu au chungwa pamoja na mboga za majani hufanya kinyume, hukifungulia njia. Maini, nyama na samaki hutoa chuma kinachoingia kwa urahisi zaidi.

Protini nayo haina mbadala, kwa sababu nywele na kucha karibu zote ni protini. Mtoto mwenye kwashakoo, nywele zake huwa nyekundu na laini, zikang'oka ukizivuta kidogo. Huyo hana haja ya sharubati ya vitamini iliyopambwa. Anatakiwa kufikishwa kituo cha afya mara moja.

Na yapo matatizo ambayo hakuna kidonge kitakachoyagusa. Misuko inayokaza mpaka kichwa kinauma huvuta nywele za paji na za pembeni hadi shina lake linakufa, na likishakufa halirudi. Ukungu wa kichwani kwa watoto hutaka dawa ya ukungu. Alama nyeupe kwenye ukucha, ambazo wengi huziita ukosefu wa kalsiamu, kwa kawaida ni athari ya ukucha kugongwa.

Je, vidonge hivyo vina madhara? Mara nyingi hasara ni pesa tu, na katika nyumba inayohesabu kila faranga hilo si jambo dogo. Lakini si pesa tu siku zote. Mwaka 2008 nchini Marekani, watu 201 waliugua baada ya kunywa dawa ya lishe ya maji iliyowekwa seleniamu mara 200 ya kiwango kilichoandikwa kwenye chupa. Wengi wao walipoteza nywele, na kucha zikaharibika. Vitamini A ikizidi nayo hudondosha nywele, na kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Nyumbani kwetu, kuanzia mwisho wa 2014 hadi 2015 huko Ituri, mamia ya watu walikakamaa shingo na uso kwa sababu vidonge walivyopewa kama diazepamu vilikuwa na dawa nyingine ndani, haloperidoli. Hiyo ilikuwa dawa ya kopo lenye jina. Vidonge vinavyohesabiwa na kutiwa kwenye kifuko bila jina wala tarehe, nani atakuambia ni nini? Mara nyingine kinachoitwa vitamini ya kunenepa na kung'arisha ngozi ni siproheptadini, dawa ya mzio, au deksamethasoni, ambayo ikitumiwa kwa muda huichakaza ngozi, huacha michirizi na kupandisha sukari.

Mjamzito ana vidonge vyake: chuma na asidi ya foliki, ambavyo Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila siku na vinavyotolewa kliniki. Anywe bila kuogopa. Mwenye ugonjwa wa SS, yaani selimundu, hasa aliyewekewa damu mara nyingi, asianze chuma kwa uamuzi wake, kwa kuwa huenda mwili wake una chuma kupita kiasi.

Wengine wote, nywele zikidondoka kwa zaidi ya miezi michache au kucha zikibadilika umbo, pesa ya kopo itafanya kazi nzuri zaidi ikilipia kipimo cha damu, na cha tezi ya shingo daktari akiona inafaa. Ikiwa umekuwa ukinywa biotini, mwambie daktari na fundi wa maabara kabla ya kuchomwa sindano. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba biotini nyingi hupotosha vipimo kadhaa, kikiwemo cha tezi na kile kinachoonyesha shambulio la moyo, na ilitaja mgonjwa aliyefariki baada ya kipimo cha moyo wake kutoa jibu la chini lisilo la kweli. Uliza ni siku ngapi unapaswa kuiacha kwanza.