Ubavu Kwanza, Meno Baadaye: Tairi la Kuvukia Nyika ya Australia

Kutoka Marree, mji mdogo wa jimbo la Australia Kusini, barabara ya vumbi iitwayo Birdsville Track inapanda kaskazini kilomita 517 hadi Birdsville, ndani ya Queensland. Njiani inagusa jangwa la mawe ambalo mpelelezi Charles Sturt alilipita mwaka 1845, likabaki na jina lake. Mawe yenyewe si makubwa. Ni mekundu, yamesuguliwa na mchanga mpaka yanang'aa, na yakipasuka huacha makali kama ya gumegume. Katikati ya safari nzima kuna kituo kimoja tu cha mafuta, Mungerannie. Tairi likichanika mbali na hapo, fundi wa pancha ni wewe mwenyewe.

Barabara hiyo ni moja kati ya nyingi. Iko Oodnadatta Track, iko Gibb River Road ya eneo la Kimberley yenye kilomita zipatazo 660, iliyofunguliwa kwa ajili ya kusafirisha ng'ombe, na iko Canning Stock Route inayokaribia kilomita 1,850. Kila mwaka wenye magari ya fobaifo hujipanga kuzipita, na swali linalowasumbua zaidi kabla ya kuondoka ni la matairi.

Dukani, wengi huanza na meno. Wanalitazama tairi usoni, wanaona mabonge makubwa ya mpira na mifereji mipana, wanaridhika kwamba hilo ndilo dume. Naona huko ni kuanzia mwisho. Meno huamua gari litashika ardhi vipi, lakini kwenye mawe kinachoamua kama gari litafika ni ubavu.

Sababu iko ndani ya tairi. Chini ya meno ya tairi la radial kuna mikanda ya nyuzi za chuma. Ubavuni hakuna chuma hicho: kuna mpira wa milimita chache na matabaka ya nyuzi za polista, kwa kawaida mawili, na kwa baadhi ya matairi matatu. Msumari ukiingia kwenye meno, unauchomoa, unasukuma kiziba cha mpira, unajaza upepo na kuendelea. Ubavu ukikatwa, mambo yamekwisha. Sehemu hiyo hukunjuka na kukunjika kila gurudumu linapozunguka, kwa hiyo kiraka chochote utakachokiweka porini ni cha kukutoa hapo tu, tena kwa mwendo wa pole. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji liwe hili: ubavu huu una matabaka mangapi?

Kuhusu aina, jibu langu ni all-terrain, tairi la ardhi zote, ambalo kampuni ya BFGoodrich ilianza kulitoa kwa muundo wa radial mwaka 1976 na sasa kila kampuni kubwa inalo la kwake. Tairi la lami lina ngozi nyembamba mno kwa kazi hii. Tairi la matope huvutia zaidi kwa macho, lakini fikiria safari yenyewe. Kutoka Sydney hadi Alice Springs, mji wa katikati ya nyika, ni takriban kilomita 2,800, na unaweza kuzimaliza zote juu ya lami. Humo tairi la matope litanguruma mchana kutwa, litakula mafuta, na breki kwenye lami iliyolowa zitachelewa kulisimamisha gari. Matope yenyewe utayakuta wapi? Mvua ikinyesha nyikani, serikali za majimbo hufunga barabara za udongo, na anayepita hutozwa faini. Sioni haja ya kubeba meno ya matope kwa ajili ya siku ambazo sheria inakutaka usubiri.

Baada ya aina, soma maandishi ya ubavuni. Chukua saizi 265/65R17, inayopatikana kwenye pikapu nyingi kama Hilux. Tairi la kawaida la saizi hiyo huwa na namba ya mzigo 112, yaani linabeba kilo 1,120. Lile lenye herufi LT mbele, la magari ya mizigo midogo, hufika 120, yaani kilo 1,400. Mtu mwangalifu atapiga hesabu na kusema: matairi manne ya kilo 1,120 yanabeba karibu tani nne na nusu, na Hilux iliyojaa haifiki hata tani tatu na robo, sasa LT ya nini? Hesabu yake ni sahihi. Ila namba ile inapimwa tairi likiwa limejaa upepo wa kutosha, na nyikani utaupunguza. Zaidi ya hapo, LT halinunuliwi kwa ajili ya kilo peke yake. Linatengenezwa kwa nyuzi nene zaidi, meno marefu zaidi na mpira unaostahimili kumegwa na changarawe, na huo ndio mwili unaouhitaji. Gharama yake ni halisi pia: ni zito, ni gumu kwa abiria, na kwa mzigo uleule linataka upepo mwingi zaidi kuliko la kawaida. Aliyehama kutoka la kawaida kwenda LT akaendelea na kipimo kilichoandikwa mlangoni mwa gari anaendesha akiwa na upepo pungufu bila kujua.

Halafu kuna ukubwa wa ringi, jambo ambalo watengenezaji wa magari wanatuharibia mwaka hadi mwaka. Linganisha 265/65R17, 265/60R18 na 265/50R20. Zote tatu zina kimo kinachokaribiana mno, sentimita 77 na ushee. Lakini ubavu wa ile ya kwanza una milimita 172, wa pili 159, na wa tatu 132. Ringi ya inchi 20 inapendeza mjini. Kwenye mawe imekunyang'anya sentimita nne za mpira zilizokuwa zipokee pigo kabla halijafika kwenye chuma. Kama gari lako linaruhusu kushuka hadi inchi 17 na breki zikaenea, shuka. Faida nyingine ni kwamba saizi za inchi 16 na 17 ndizo utakazozikuta kwa urahisi zaidi kwenye vituo vya mbali, kwa kuwa ndizo zinazovaliwa na magari ya mashamba ya ng'ombe. Wafugaji wengine walishikilia kwa miaka mingi 7.50R16 yenye tyubu na ringi ya kufunguka, tairi lilelile ambalo madereva wa Land Cruiser mkonga wa Tanzania na Kenya wanalifahamu vizuri, kwa sababu mtu mmoja mwenye vyuma viwili vya kubandulia anaweza kulifungua na kuliziba chini ya mti.

Sasa upepo. Hapa ndipo matairi mengi mazuri huuawa. Tairi lenye upepo mkali likikanyaga jiwe lenye ncha halina pa kubonyea, kwa hiyo jiwe linaingia. Likipunguzwa upepo, linabonyea na kulikumbatia jiwe. Lakini upepo ukiwa mdogo kupita kiasi, ubavu unatuna nje na kukutana na mawe na visiki vya miti ya mulga, na kila mkunjo unazalisha joto. Joto likizidi, mpira unaanza kuachana na mikanda ya chuma. Mwendo unazidisha yote mawili. Ukipunguza upepo, punguza na mwendo. Kwenye changarawe kilomita 80 kwa saa zinatosha kabisa.

Kwa gari lililopakiwa kiasi, vipimo vya kuanzia ni psi 36 hadi 40 kwenye lami, 26 hadi 30 kwenye changarawe, na 16 hadi 18 kwenye mchanga laini wa Simpson, jangwa lenye vilima vya mchanga zaidi ya 1,000 vilivyolala sambamba. Kwenye mchanga, upepo ukipungua unyayo wa tairi hurefuka zaidi kuliko unavyotanuka, na urefu huo ndio unaolibeba gari. Kwa hiyo kununua tairi pana kwa ajili ya mchanga hakuleti tofauti kubwa kama watu wanavyodhani.

Vipimo hivyo si amri. Tairi lenyewe litakujulisha. Pima asubuhi likiwa baridi, endesha saa moja, simama upime tena. LT likipanda kwa psi 6 hivi, umepatia. La kawaida, psi 4. Likipanda zaidi ya hapo, lilianza na upepo mdogo na linachemka: ongeza, au punguza mwendo au mzigo. Likipanda kidogo mno, ni gumu: punguza. Dereva anayepita kwenye mawe ya volkano ya kuelekea Loiyangalani, kusini mwa Ziwa Turkana, anaweza kutumia kipimo hichohicho akiwa na geji ya bei ndogo.

Mzigo nao uhesabiwe kwa kweli. Lita 100 za maji ni kilo 100, na lita 180 za dizeli ni kilo 150 hivi. Sehemu kubwa ya hizo hukaa nyuma, na matairi ya nyuma, yanayokanyaga pia mawe yaliyogeuzwa na yale ya mbele, mara nyingi ndiyo yanayotangulia kufa. Yape upepo zaidi ya yale ya mbele.

La mwisho ni umri. Ubavuni tafuta herufi DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi linaweza kuwa na meno yote na mpira ukawa umekauka na kupasuka nyufa ndogondogo. Hili huipata zaidi spea inayoning'inia chini ya gari, isiyotazamwa na mtu. Inatakiwa iwe saizi na aina moja na zile nne, maana kwenye gari linalovuta magurudumu yote muda wote, tairi la kimo tofauti huitesa difu ya kati. Ikague, uijaze upepo, na kama ni ya zamani ibadilishe ukiwa bado kwenye jiji kama Adelaide, ambako maduka yana saizi zote.