Likizo na mtoto mdogo kwenye bedsita: Mpe kazi, usimpe simu

DESEMBA ikifika, Nchiru huwa kimya. Wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru wamefunga virago, milango ya ploti imebaki na kufuli, na makanga wa matatu za Meru kwenda Maua hawana tena wa kumbembeleza pale steji. Wanaobaki ni wachache: wenye vibarua, wenye miradi ya kumaliza, na sisi ambao badala ya kwenda nyumbani, nyumbani kumetujia huku huku.

Mimi nililetewa mwanangu wa miaka miwili na nusu.

Kama wewe ni mzazi na bado uko chuoni, hadithi hii unaijua hata kabla sijaimaliza. Mtoto alizaliwa ukiwa katikati ya masomo. Mamako akakuambia, "Rudi shule, huyu niachie." Ukarudi. Mtoto akabaki ushago, na kwangu mimi ushago ni upande wa Runyenjes, Embu. Unamwona likizo hadi likizo. Pesa za maziwa unatuma ukizipata, na usiku unampigia simu ya video bando ikikubali.

Mamangu alimleta mwenyewe kwa matatu, wakapitia Chuka na Nkubu hadi Meru mjini, kisha wakapanda nyingine ya kuja Nchiru, kilomita kama 15 hivi. Mtoto alinipa mkono kama mgeni, halafu akarudi kujificha nyuma ya leso ya nyanyake. Yeye humwita mamangu "Mami". Mimi huniita kwa jina langu, jinsi anavyosikia wajomba zake wakiniita.

Kesho yake asubuhi mamangu alirudi Runyenjes. Tukabaki wawili, chumba kimoja, wiki mbili.

Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa tayari nimempa simu. Alinyamaza, kweli. Lakini pia hakuniangalia tena. Jioni nilipoichukua, alijirusha sakafuni akalia hadi jirani akagonga mlango. Nikampigia mamangu.

"Mama, huyu ananishinda. Nimempa simu ndio anyamaze."

"Sasa simu ulimpa ya nini? Mpe kazi."

"Kazi gani na ana miaka miwili?"

"Huku yeye ndiye hunisaidia kuchambua mboga. Mpe kazi, mwanangu, usimpe simu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa akinitania.

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka mitano. Linasema mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hafai kuketishwa mbele ya skrini kabisa. Wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Kisha linataka mtoto wa kuanzia mwaka mmoja awe akitembea, akikimbia na kucheza kwa jumla ya dakika 180 kwa siku. Hizo ni saa tatu. Na anapotulia kitini, kinachopendekezwa ni hadithi na vitabu pamoja na mtu mzima.

Saa tatu ndani ya bedsita? Inawezekana, na si lazima ununue kitu. Haya ndiyo yaliyofanya kazi kwangu. Kama mtoto si wako, ni mpwa uliyeachiwa Krismasi hii huku wakubwa wakienda sokoni, yatakufaa pia. Na baba, tafadhali usiruke ukurasa. Wewe ndiye unayengojewa zaidi.

Anza na mboga

Mkalishe kwenye mkeka, umwekee rundo la sukuma wiki au mchicha na karai tupu. Kazi yake ni kung'oa jani kutoka kwenye kikonyo na kulitia kwenye karai. Atararua mengine vipande vipande. Muache, si hata wewe utayakatakata? Yeye anafanyisha vidole vyake mazoezi, na wewe unapata nafasi ya kumtajia vitu: jani, kikonyo, kubwa, dogo, hili limetoboka.

Soksi nazo ni kazi. Mwaga zote kitandani umwambie atafute ndugu wa kila moja. Akipata jozi moja kati ya tano, mpigie makofi.

Matatu ya katoni

Omba katoni dukani. Kubwa ndiyo poa zaidi, ile ya tishu au ya mafuta ya kupikia. Kata upande wa juu wewe mwenyewe, kisu kisikaribie mtoto. Mpe kreyoni achore anavyotaka. Magurudumu yachore wewe kwa kuzungusha kalamu kwenye kifuniko cha sufuria, kisha kifuniko hicho hicho kiwe usukani.

Sasa muulize gari linaenda wapi. Wangu alikuwa amemsikia makanga siku moja tu pale barabarani, lakini alisimama ndani ya katoni akapaza sauti: "Maua! Maua!" Nauli ilikuwa jani la mwembe. Abiria walikuwa mto wa kulalia, kandambili na mimi. Tulicheza hivyo nusu saa nzima, na kwa mtoto wa umri huo ambaye huchoka na kitu baada ya dakika chache, nusu saa ni muda mrefu ajabu.

Unga wa chapati

Krismasi bila chapati si Krismasi, kwa hivyo unga wa ngano utakuwepo. Chukua vikombe viwili vya unga, kijiko cha mafuta, kisha maji kidogo kidogo huku ukikanda hadi donge liache kushika vidole. Ukitaka rangi, tia manjano kidogo kwenye donge moja, na kwenye jingine tumia maji ya bitiruti iliyochemshwa. Mpe chupa tupu ya soda iwe mpini wa kusukumia. Iwe ya plastiki, si ya kioo.

Mitandaoni utaona wanaoongeza chumvi kikombe kizima ili donge likae siku nyingi. Kwa mtoto wa miaka miwili, achana na hiyo. Lazima atalionja, na chumvi nyingi hivyo ni hatari tumboni mwake. Hata lisilo na chumvi ni la kuchezea, si la kula likiwa bichi. Ukimaliza, litupe ukande jingine siku nyingine.

Kupaka ukuta rangi ya maji

Hii ndiyo ya bei rahisi kuliko zote. Mpe maji kidogo kwenye kikombe na brashi kuukuu, au kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Mtoe nje palipo na ukuta au sakafu ya simiti. Akipaka, simiti inakuwa nyeusi. Jua likiwaka, rangi inapotea baada ya dakika chache na anaanza upya. Mwenye ploti hawezi kulalamika kwa sababu hakuna kinachobaki.

Mvua ikinyesha, rudini ndani umpe beseni lenye maji ya kufunika vidole tu, na soksi mbili za kufua. Keti hapo hapo naye. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji kidogo sana, kwa hivyo ukienda kufungua mlango, nenda naye. Akimaliza, mwaga maji. Na ndoo za maji ulizoteka zifunikwe wakati wote.

Mpira wa soksi

Kama ulikulia Kenya kabla ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku Agosti 28, 2017, unaukumbuka mpira wa karatasi za nailoni uliofungwa kwa kamba ya katani. Mifuko ile imeenda, na kwa mtoto mdogo ni afadhali, maana nailoni usoni humziba pumzi. Chukua soksi kuukuu ndefu, ijaze matambara, ipindue mara mbili kisha ushone mdomo. Haina kamba ya kujizonga shingoni wala haivunji kioo cha dirisha. Mpigie teke, naye akurudishie. Hapo zile dakika 180 zinaanza kupungua zenyewe.

Mapambo ya Krismasi

Usinunue ya kumetameta. Huku Meru migomba haikosekani, na majani yake ndiyo hutumika kufungia miraa. Omba majani machache makavu. Yapasue yawe utepe, mwachie mtoto arushe, avute na kuyakunja, kisha wewe uyasuke na kuyatundika juu mlangoni, asipofikia. Okoteni majani ya miti njiani, muyabandike kwenye karatasi. Gundi? Pika uji mzito wa unga wa ngano, uache upoe, aupake kwa kidole.

Puto nakuomba uziache. Kipande cha puto lililopasuka kikiingia kooni kwa mtoto, kukitoa ni shida kubwa.

Kabla hujamwachia kitu chochote

Chukua ile karatasi ngumu ya mviringo inayobaki ndani ya tishu ya choo. Kitu chochote kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Jaribu na kifuniko cha soda, shanga, kokwa, sarafu. Maharagwe, mahindi na njugu tunazozoea kuona zikibandikwa kwenye michoro ya watoto shuleni ziache hadi akue. Hatari kuliko zote ni betri ndogo bapa kama kitufe, ile ya saa na ya rimoti. Akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili, kwa hivyo usingoje uone dalili. Kimbia hospitali.

Bedsita ndiyo jikoni, ndiyo sebule, ndiyo chumba cha kulala. Geuza mpini wa sufuria uelekee ukutani. Mtungi wa gesi ufungwe mkimaliza kupika. Michezo ifanyike upande wa kitanda, si upande wa jiko.

Usitarajie uzuri

Siku ya tatu nilikosea. Nilitaka kitu cha kupiga picha niweke mtandaoni, kwa hivyo nikawa namshika mkono kumwonyesha jinsi ya kubandika majani kwa mpangilio. Alitupa karatasi. Alikuwa sahihi. Kazi ilikuwa imekuwa yangu, yeye amebaki mtazamaji, na kutazama angeweza kutazama simu.

Mtoto wa umri huu hahitaji kumaliza kitu. Anataka kujua kwamba katika unachokifanya yeye ana nafasi. Dakika kumi za kukanda naye unga, uso kwa uso, simu ikiwa kwenye mkoba, zinamtosha kuliko mchana mzima mko chumba kimoja kila mtu na lake. Akichoka, mnaacha. Akilala, unalala pia au unafanya mradi wako. Wa miaka miwili bado anahitaji saa 11 hadi 14 za usingizi kwa siku, wa miaka mitatu saa 10 hadi 13, ukihesabu na ule wa mchana. Usimnyime usingizi kwa sababu ya ratiba yako ya michezo.

Na usijilaumu ukimpa simu siku moja unapooga. Kuna siku nilimpa. Tofauti ni kwamba sasa aliiacha mwenyewe kwa sababu katoni ilikuwa inamngoja.

Siku ya mwisho tulimtengenezea mamangu kadi. Nilikoroga unga na manjano na maji, nikampaka mtoto kiganja, akakigandamiza nyuma ya noti zangu za muhula uliopita. Tulifanya mbili. Moja ameenda nayo Runyenjes, moja nimeibandika ukutani juu ya meza ninaposomea. Likizo ijayo ataweka mkono wake hapo, tutaona umekua kiasi gani.

Bado ananiita kwa jina langu. Sitakudanganya kwamba wiki mbili za katoni na unga hufuta miezi ya kutokuwepo. Lakini juzi mamangu alinipigia simu akicheka. Mtoto alikuwa amepanga viti vya nyanyake mstari mmoja, akaketi mbele na kifuniko cha sufuria mkononi. Mamangu alipotaka kukalia cha pili, alimzuia.

"Hapo pana mtu," akamwambia, akataja jina langu.