Mabinti watano mfululizo: Usimlaumu mama, fanya hesabu

Majuzi mume na mkewe waliingia katika kliniki yangu hapa Embu. Walikuwa wametoka upande wa Meru kwa matatu ya alfajiri, wakavuka Mto Thuci kabla jua halijawa kali. Mama ana umri wa miaka 38 na amejaliwa mabinti watano, wote wazima. Uzazi wa mwisho nusura umwue, kwani alivuja damu nyingi baada ya kujifungua ikabidi aongezewe damu. Hata hivyo, mzee alikuwa na ombi moja tu.

"Daktari, mpe huyu mama dawa ya kupata mvulana. Tumekosa mara tano, sasa zamu ya mvulana imefika. Akishindwa nitaoa mwingine anayeweza."

Mama aliinamisha kichwa, hakusema neno.

Msomaji, huenda unamjua mama kama huyu, au ni wewe mwenyewe. Kauli ya mzee ina makosa ambayo hayatibiwi kwa tembe wala sindano. Yanatibiwa kwa hesabu kidogo ya uwezekano, ile ambayo watoto wetu huifanya shuleni na kuisahau mara tu mtihani unapokwisha.

Mbegu ni ya baba

Kila yai la mama hubeba kromosomu ya aina ya X. Mbegu za baba ni za aina mbili: zenye X na zenye Y. Ikitangulia yenye X, mtoto ni msichana. Ikitangulia yenye Y, ni mvulana. Kwa hivyo ikiwa kuna wa kuulizwa, ni baba, ingawa naye hana uwezo wa kuchagua.

Nilimpa mzee sarafu ya shilingi kumi, ile ya toleo la 2018 yenye simba upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili. Nikamwambia kila uzazi ni kama kuirusha mara moja. Kwa hakika wavulana huzidi kidogo. Mwaka 1710 daktari mmoja wa London, John Arbuthnot, alichunguza orodha za ubatizo za mji huo za miaka 82 akakuta kila mwaka wavulana ni wengi. Ulimwenguni leo huzaliwa wavulana kama 105 kwa kila wasichana 100. Tofauti hiyo ni ndogo, kwa hivyo tutatumia nusu kwa nusu.

Maswali manne

Hesabu ya aina hii huitwa ya bainomia. Utaitambua kwa kujiuliza maswali manne. Kwanza, je, idadi ya majaribio imejulikana tangu mwanzo? Hapa ni uzazi 5. Pili, je, kila jaribio lina matokeo mawili tu? Mvulana au msichana. Tatu, je, uwezekano ni uleule kila mara? Ndiyo, nusu. Nne, je, jaribio moja haliathiri jingine? Haliathiri, maana mbegu za leo hazijui nani alizaliwa mwaka juzi. Ukijibu ndiyo mara nne, umeipata.

Sasa tuitatue. Uzazi mmoja una njia 2, hivyo uzazi 5 una mipangilio 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32. Mabinti watupu ni mpangilio 1 tu. Mvulana mmoja anaweza kuwa wa kwanza, wa pili, hadi wa tano, basi hiyo ni mipangilio 5. Wavulana wawili wana mipangilio 10, watatu 10, wanne 5, na watano 1. Jumlisha: 1, 5, 10, 10, 5 na 1 ni 32.

Kwa hivyo nafasi ya mabinti watano ni 1 kwa 32. Ukikusanya familia 320 zenye watoto watano watano, tarajia kama 10 ziwe na mabinti watupu na nyingine kama 10 ziwe na wavulana watupu. Si laana wala si kosa la mama. Familia kama hizo lazima ziwepo, na hii ni mojawapo.

Hakuna zamu

Mzee alidhani baada ya mabinti watano mvulana "amewiva". Kabla hawajapata mtoto yeyote, nafasi ya mabinti sita mfululizo ilikuwa 1 kwa 64. Lakini watano wamekwisha kuzaliwa, na jambo lililokwisha kutokea halihesabiwi tena kuwa bahati. Nafasi ya mtoto wa sita kuwa msichana ni nusu ileile. Hata akioa mke wa pili, mbegu ni zake na nafasi haibadiliki.

Jihadhari pia na anayesema, "Tutazaa mpaka tupate mvulana." Hapo swali la kwanza limeanguka, kwa kuwa idadi ya majaribio haijulikani. Hiyo si bainomia tena, na gharama yake haina kikomo. Hata wakiamua kuongeza watatu tu, bado kuna nafasi 1 kwa 8 kwamba wote watakuwa mabinti.

Na yule muuza mizizi anayeahidi mvulana? Akiwauzia watu 100, kama 50 watapata wavulana bila msaada wake na watamsifu sokoni. Hata akiwarudishia pesa waliopata wasichana, ataondoka na faida.

Si nusu kila mara

Uwezekano unaweza kuwa mwingine na njia ikabaki ileile. Chukua baba na mama ambao kila mmoja amebeba jeni ya selimundu bila kuugua. Kila mtoto wao ana nafasi 1 kwa 4 ya kuugua. Wengi husema, "Basi tukizaa wanne ataugua mmoja." Sivyo. Nafasi ya kutougua hata mmoja ni 3/4 mara nne, yaani 81/256, kama asilimia 32. Kwa mgonjwa mmoja tu kuna mipangilio 4, kila mmoja una nafasi ya 27/256, jumla 108/256, kama asilimia 42. Asilimia 26 zilizobaki ni za wagonjwa wawili au zaidi. Mzazi ambaye kifungua mimba wake ni mgonjwa asijidanganye kwamba watatu wanaofuata wamesalimika. Kila mmoja ana 1 kwa 4 yake.

Dau ni nani?

Nilimwambia mzee wazi kwamba mama aliyezaa mara tano, amefika miaka 38 na amewahi kuvuja damu yumo hatarini zaidi kuliko wengine. Mji wa mimba uliochoka huweza kushindwa kujikaza baada ya uzazi, na damu ikatoka kwa kasi ambayo barabara za vijijini hazisubiri. Wewe unatafuta nusu, nikamwambia, lakini dau uliloweka mezani ni mama wa watoto watano.

Akaniuliza, "Na shamba litakuwa la nani?" Nikamjibu kwamba Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 haimbagui mtoto wa kike, na Katiba ya 2010 inakataza ubaguzi wa jinsia.

Ikiwa umo katika hali hii, nendeni kliniki wote wawili, mzungumze na muuguzi juu ya kupanga uzazi. Mama aliyewahi kuvuja damu akishika mimba tena, aanze kliniki mapema na ajifungulie hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji.

Mzee alirusha ile sarafu mara tano juu ya meza yangu. Simba alitokea mara mbili. Akainyanyua, akaitazama pande zote, kisha akamwuliza mkewe, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, yeye mwenyewe anataka nini.