Scandar Copti na waigizaji wasiosoma mswada

Mpalestina huyu alizaliwa mwaka 1975 Jaffa, mji wa pwani ulio ndani ya Israel, akasomea uhandisi kabla ya kushika kamera. Filamu yake Ajami (2009), aliyoiongoza pamoja na Mwisraeli Yaron Shani, ina jina la mtaa mmoja wa Jaffa. Wanaoigiza ni watu wa kawaida. Hata polisi mmoja humo aliwahi kuwa polisi kweli.

Walifanya mazoezi kwa miezi, lakini mswada hawakupewa. Kila mmoja alijua yale tu ambayo mtu anayemwigiza angeyajua, na matukio yalipigwa kwa mfuatano wa hadithi. Mtu akishtuka, ameshtuka kweli. Kwetu sisi hapo ndipo penye utamu, na pia ugumu: huwezi kumwambia mtu arudie kushtuka.

Ajami iliwania Oscar mwaka 2010 kwa niaba ya Israel. Copti akasema hadharani kwamba hawezi kuiwakilisha nchi isiyomwakilisha yeye, na maneno hayo yalizua kelele kubwa huko.

Mwaka 2024 alirudi na Happy Holidays, tena na watu wasio waigizaji. Huko Venice ilipata tuzo, na ya nini? Ya mswada bora.