Reli Iliyong'olewa na Reli Iliyolala

Njia ya reli ikifungwa, treni ndiyo hupotea kwanza, lakini hasara kubwa huja baada ya hapo, pale vyuma na ardhi vinapokosa mwangalizi. Tanzania imeyaona hayo kusini na kaskazini, na matokeo hayakufanana.

Kusini, reli ya Nachingwea ilianza kazi mwaka 1949 kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza. Mradi ulianguka, reli ikafungwa mwaka 1962 na vyuma vikang'olewa. Kufunga kulikuwa na hesabu yake, kwani mzigo ulikuwa haba. Kosa lilikuwa kung'oa. Leo mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya Mchuchuma na Liganga, unaanzia sifuri.

Kaskazini, Wajerumani walianza kujenga kutoka Tanga mwaka 1893. Reli ikafika Mombo mwaka 1905, Moshi 1911, na Arusha mwaka 1929, nchi ikiwa tayari mikononi mwa Waingereza. Ilibeba katani, kahawa na abiria hadi mabasi na malori yalipoinyang'anya wateja na fedha za matengenezo zikakauka. Treni za abiria zilikoma miaka ya 1990, za mizigo zikafuata.

Reli isiyopitiwa na treni huharibika upesi kuliko watu wanavyodhani. Genge la matengenezo likiondoka, majani hufunika kokoto, mchanga huziba makalavati, na maji ya masika yakikosa pa kupita hukata tuta. Boliti na mataruma ya chuma huishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Nyumba huota ndani ya hifadhi ya reli, na kadiri miaka inavyosonga ndivyo kuzibomoa kunavyokuwa jambo chungu. Stesheni nazo hubeba uchumi mzima: kuanzia mchuuzi wa machungwa wa Muheza hadi mama lishe na mpagazi, wote walitegemea dakika chache za treni kusimama.

Hata hivyo njia ya kaskazini haikung'olewa, na hilo ndilo lililoiokoa. Ilikarabatiwa, Julai 2019 treni ya mizigo ikafika Moshi kutoka Tanga, Desemba ikaja ya abiria kutoka Dar es Salaam, na Oktoba 2020 treni ikaingia tena Arusha.

Hoja nzito ya kufufua njia kama hizi ni barabara zenyewe. Kwa kanuni ya wahandisi, ekseli yenye uzito maradufu huichosha lami takriban mara 16, si mara mbili. Behewa moja la reli ya mita moja hubeba tani 40 hivi. Treni ya mabehewa 20 hubeba tani 800, mzigo ambao ungehitaji malori karibu 27 ya tani 30. Saruji, mbolea na nafaka hazina haraka, hivyo mahali pake ni relini, hata treni ikienda polepole.

Kipande kinachostahili kufikiriwa sasa ni cha kutoka Kahe, kupitia Taveta, hadi Voi nchini Kenya, kilichojengwa na Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kikifufuliwa, kahawa ya Kilimanjaro itapata njia ya reli hadi bandari ya Mombasa, na Tanga itapata mshindani wa kuichangamsha. Kazi ya kwanza, kwa pande zote mbili za mpaka, ni kuweka mawe ya mipaka ya hifadhi kabla ardhi haijajaa nyumba.