Maumivu ya Mkimbiaji

Mwanao arudipo kutoka mashindano ya mita 800 huko Temeke au Kinondoni, akakwambia kwamba miguu ilimwaka moto, usimdhanie kuwa ni mvivu. Mbio hizo ni ndefu kwa mwenye kasi, na ni fupi kwa mwenye pumzi. Mwenye kasi huanza kwa raha. Kisha, karibu na mwisho, tindikali huzidi katika misuli, na miguu huwa mizito kama magogo. Mwenye pumzi amezoea taabu ya polepole. Lakini hapa hulazimika kwenda mwendo usio wake, naye huteseka tangu mapema.

Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi wa Tanzania aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mzunguko wa kwanza. Hakuyangoja maumivu yamfikie, aliyaendea. Akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia, huku John Walker akimkaribia hadi mwisho.

Basi mfundishe mwanao subira, wala usimlazimishe. Moto wa miguu hupoa kwa kupumzika. Bali maumivu ya kifua au kizunguzungu ni onyo. Hapo na aache mbio, apelekwe kwa daktari.