Je, Wajua Plastiki ya Jalalani Haiozi, Bali Husagika?

Tupa ganda la ndizi na mfuko wa rambo jalalani siku moja. Ganda litaliwa na bakteria, kuvu na wadudu hadi liwe mboji. Mfuko utabaki, kwa kuwa molekuli zake ni minyororo mirefu ambayo ni viumbe wachache mno wanaoweza kuikata, tena polepole sana.

Anayeanza kuuvunja ni jua. Mionzi ya urujuanimno huidhoofisha minyororo hiyo, mfuko ukachujuka, ukakauka na kupasuka. Magurudumu ya malori, kwato za mifugo na mvua huendeleza kazi. Vipande vikishakuwa vidogo kuliko milimita 5, huitwa mikroplastiki. Havijaoza, ni plastiki ileile, ila sasa haiokoteki.

Chukua mfano wa Dandora, jalala kuu la Nairobi. Lilifunguliwa mwaka 1975 katika machimbo ya zamani ya mawe, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Hata hivyo, malori yaliendelea kumwaga taka humo. Kando yake unapita mto Nairobi, unaoingia Athi, nao Athi huitwa Galana na hatimaye Sabaki kabla ya kumwaga maji yake Bahari ya Hindi, kaskazini mwa Malindi. Kinachosombwa na mvua pale jalalani kimeshapata njia ya kwenda pwani.

Kinachobaki huzama udongoni, na nyungunyungu ni miongoni mwa wanaokizamisha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, waliwalisha nyungunyungu majani yaliyochanganywa na chembe za polithini. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2016, pale chembe zilipokuwa nyingi, nyungunyungu walidumaa na wengi zaidi walikufa. Hao ndio wanaoupitishia udongo hewa na maji. Isitoshe, chembe hizo hunasa metali nzito, na jalalani metali hizo zimejaa kutokana na betri na vifaa vya umeme.

Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Hatua hizo zilipunguza mifuko mipya, lakini hazikuiondoa ile iliyokwisha kusagika.

Kwa hiyo, wakati wa kuiondoa plastiki ni ingali nzima. Chupa moja ikiokotwa leo ni chupa moja. Ikiachwa, itakuwa maelfu ya vipande. Waokota taka wanaukinga udongo wetu kuliko tunavyowashukuru, nao wanastahili glavu, buti na malipo ya haki. Nawe msomaji, tenga maganda na plastiki tangu jikoni, usichome plastiki uani, wala usichote udongo wa jalalani ukadhani ni mbolea ya bustani yako.